Mti wa Kuapia wa Karakana

Watu wa mtaa wetu wa Karakana, hapa Nakuru, wanapenda vitu vinavyokua haraka. Kanisa liezekwe kabla msingi haujakauka, mtoto asome kabla hajaota meno, na mti utoe maua kabla aliyeupanda hajanawa mikono. Kwa hivyo kamati ya mtaa ilipoamua kupamba geti, mwenyekiti wetu, Mzee Makhanu, alisimama akaeleza mti anaoutaka: uwe na maua, uwe na kivuli, usinywe maji mengi, usidondoshe majani, na uwe umemaliza kukua kufikia Krismasi. Wakati huo tulikuwa Agosti. Nilimwambia mti wa namna hiyo upo, unauzwa mjini, ni wa plastiki, na unapanguswa vumbi kwa kitambaa.

Basi kazi nikatupiwa mimi, maana katika kamati yetu anayefungua mdomo ndiye hukabidhiwa jembe. Jina langu ni Jepkemei, lakini wengi huniita Mama Kip. Ni mjane, nina mguu mbaya na mdomo mbaya zaidi, na nimezaliwa Keringet, ambako mtoto hushika jembe kabla ya kijiko. Wifi yangu aliyeolewa upande wa Nandi alinitumia mbegu za Nandi flame ndani ya bahasha. Ni mbegu nyepesi, zimezungukwa na utando kama ganda la kitunguu, na ukipiga chafya umepoteza msitu mzima. Nilizitandaza juu ya udongo laini kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, nikazifunika kidogo tu, nikawa nazinyunyizia maji kwa vidole kila asubuhi. Mche ulioshinda wenzake niliupanda kando ya geti, nikauzungushia miiba ili mbuzi wa jirani wasionje maendeleo yetu.

Mti ukakimbia. Baada ya misimu miwili ya mvua ulikuwa unachungulia juu ya ukuta, na mwaka juzi ukatoa maua ya kwanza, makubwa, mekundu, yamesimama kileleni kama vikombe. Vichwa vya maua yake kabla ya kuchanua huwa na maji ndani, na watoto walipogundua hilo ikawa ni kuminyiana machoni tangu asubuhi hadi jioni. Maharusi wakaanza kupigia picha pale. Mzee Makhanu akawa anamwambia kila mgeni kwamba mti ule aliupanda yeye kwa mikono yake. Nilimwacha, kwa sababu kugombea sifa na Makhanu ni kumnyang'anya mbwa mfupa.

Lazima nimweleze mtu huyu. Babu yake alitoka Bungoma akaja Nakuru kufanya kazi ya reli. Baba yake alizaliwa katika nyumba za reli, na yeye pia alizaliwa humo humo. Bungoma huenda kukiwa na maiti: anafika, analia, anakula, na kesho yake amerudi. Lakini mkutano wowote ukianza hapa kwetu, yeye ndiye bingwa wa mila, na husema "kwetu" kama mtu aliyetoka huko asubuhi ya leo. Nusu ya Karakana ni hivyo. Wamerithi woga wa nyumbani kwao, lakini vitu vyenyewe vinavyoogopwa hawajawahi kuvitia machoni.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, sufuria za chama cha mtaa zikapotea. Nazungumzia zile sufuria kubwa za kupikia watu wa matanga na harusi, ambazo mtu mzima anaweza kuogea ndani na bado akabaki na nafasi ya kuweka sabuni. Bila sufuria hizo hakuna mtu anayeweza kufa kwa heshima katika mtaa wetu. Zilikuwa zinafungiwa kwenye stoo nyuma ya ukumbi, na aliyekuwa na ufunguo ni Nerima.

Nerima ni mwanamke mdogo, mpole, aliyekulia kijijini Bungoma kwelikweli, si Bungoma ya mazishi. Alikuja hapa na mtoto mgongoni baada ya mwanamume wake kwenda kutafuta kazi na kusahau njia ya kurudi. Kamati ilimpa chumba kilichoshikana na stoo bila kodi, naye akawa analinda vyombo, anaviosha, na kupika kila msiba unapotokea. Hakuna mtu Karakana ambaye hajakula mkononi mwake akiwa na machozi. Chumba kile ndicho alichokuwa nacho duniani, yeye na Valarie wake anayesoma chekechea hapo ng'ambo ya barabara.

Makhanu aliita mkutano ukumbini.

"Mlango haujavunjwa," alianza, mikono nyuma. "Padlock ni nzima. Sasa mimi nauliza tu, mwenye kufungua hiyo stoo ni nani?"

Macho yote yakamgeukia Nerima. Akasimama, amemshika Valarie mkono.

"Mzee, Pasaka nilikuwa Naivasha, huko Kihoto, kwa dada yangu. Maji ya ziwa iliingia kwa nyumba yake, nikaenda kumsaidia kuhama. Ufunguo nilikuwa nayo kwa shingo. Nilirudi nikapata kufuli imefungwa na ndani hakuna kitu."

"Na ule ufunguo mwingine?" nikauliza. Kila mtu alijua ufunguo wa pili unakaa kwa mwenyekiti.

"Mama Kip, tafadhali, tusiingize siasa," Makhanu akajibu, na watu wakatikisa vichwa kwamba ni kweli, siasa ni mbaya.

Kisha akapandisha sauti. Akasema kwamba kwao kesi kama hii haikupelekwa polisi, ilipelekwa kwenye murembe. Wasiojua wakaelezwa. Murembe ni mti wa kiapo. Mshukiwa anauchoma kwa mkuki huku akiapa kwamba hana hatia, na kama ni mwongo anakufa, tena hafi peke yake bali huanza kuzika watu wa ukoo wake mmoja mmoja. Makhanu akanyoosha kidole dirishani, kuelekea getini.

"Na Mungu hakosei. Murembe tuko nayo hapo."

Chai ilinipalia. Alikuwa anaonyesha Nandi flame yangu. Huenda aliwahi kusikia kwamba murembe una maua mekundu, na mti wenye maua mekundu aliokuwa nao karibu ni ule, basi hesabu ikaisha hapo. Nilitazama huku na huku nikingoja mtu mmoja acheke. Walimu, makarani, mafundi, watu wenye vyeti vya kujaza ukuta, wote walikuwa wanautazama mti wangu kwa hofu. Ni Nerima tu aliyeutazama kama anavyotazama mtu mwenye akili zake. Kisha akanitazama mimi, na nikajua kwamba anajua.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema, ndipo Makhanu akaongeza: "Nerima ataapa Jumapili. Akikataa, tutajua. Arudishe ufunguo, ahame."

Hapo nilikasirika, na mimi nikikasirika huwa na adabu sana.

"Mzee," nikasema, "mimi nimetoka Keringet, mila zenu sizijui. Nifundishe. Huwa anaapa mtu mmoja, ama ni kila mtu ambaye anahusika na hiyo kitu?"

Mtu mwingine angenusa mtego. Lakini Makhanu alikuwa ameulizwa swali la mila mbele ya watu, na hajawahi kumwachia mwingine swali la namna hiyo.

"Ni wote, Mama Kip. Murembe haina ubaguzi. Mkubwa kwa mdogo."

"Asante. Kwa hivyo Jumapili kamati yote itaapa, ikianza na wenye funguo."

Watu walipiga makofi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na Makhanu aliketi taratibu kama mtu anayeangalia kama kiti bado kipo.

Wiki hiyo Karakana ilikuwa mahali pa kuchekesha. Wanawake waliacha kupita chini ya mti, wakawa wanajibana upande wa pili wa geti na kuchafua sketi kwenye ukuta. Muuza maji aliegesha mkokoteni barabarani, akasema mitungi tuifuate wenyewe. Watoto waliowahi kuchezea vichwa vya maua walioshwa kwa maji ya chumvi. Mimi niliendelea kufagia maua yaliyoanguka kila asubuhi, na nilikuwa nikiwaona wakinitazama madirishani, wakingoja nikate moto.

Jumapili ikafika. Mchungaji Okeyo alihubiri dhidi ya ushirikina mpaka jasho likamtoka, kisha ibada ilipokwisha akaongoza kondoo wote hadi getini, naye akasimama mbali na mti kuliko kondoo. Mkuki haukupatikana mtaa mzima. Odero, mweka hazina wetu, akatoa fimbo ya chuma ya kutundikia pazia la sebuleni kwake, na Makhanu akasema mila inaruhusu.

Nerima alikabidhiwa ile fimbo. Alitembea hadi kwenye shina, akaliwekea kiganja, akasema kwa sauti ya kawaida ambayo kila mtu aliisikia.

"Kama nilichukua sufuria za chama, ama niliuza, ama najua mahali ziko, huu mti unimalize mimi na Valarie wangu."

Akachoma. Fimbo ya Odero ikapinda kidogo. Mimi ndiye niliyeuotesha mti ule kwenye mkebe wa mafuta, najua hauna neno na mtu, lakini aliposema jina la mtoto moyo wangu uliruka. Aliichomoa fimbo akamnyooshea Makhanu.

"Mwenye kuapisha haapi," Makhanu akasema, bila kuipokea. "Hiyo ndio procedure."

Fimbo ikaenda kwa Odero.

"Mimi ni Mjaluo. Hii si mila yetu."

"Si mnaiita orembe?" mtu akauliza kutoka nyuma. "Hata kwenu iko."

"Pia pressure yangu imepanda. Daktari alinikataza mambo kama hii."

Ikaenda kwa Joyline, katibu, ambaye alisema hawezi kwa kuwa ana mimba. Mumewe, aliyesimama hapo hapo, akageuka haraka, maana habari hiyo alikuwa anaipata pamoja na sisi. Ikaenda kwa Mchungaji. Yeye alisema Biblia inakataza kuapa, ndiyo yetu iwe ndiyo, na siyo yetu iwe siyo. Mstari huo alikuwa nao wiki nzima, lakini hakuukumbuka wakati Nerima ameshika fimbo. Kipande kile cha chuma kilizunguka kama sahani ya sadaka mwisho wa mwezi, kila kinakofika watu wanatazama viatu vyao. Sidhani wote walikuwa wezi wa sufuria. Kila mtu alikuwa na lake alilolificha, na hakuwa na hakika mti ungeishia kwenye sufuria.

Watu walikuwa wameanza kunong'ona jina la Makhanu, si kwa sauti ndogo, ndipo binti yake, Kimberly, anayesoma chuo kikuu, akainua simu. Alikuwa ameokota ua akalipiga picha.

"Dad, hii si murembe," akasema. "App inasema Spathodea campanulata. Ni Nandi flame tu. Iko kila mahali."

Wote wakanigeukia.

"Amesema ukweli," nikasema. "Mbegu nilitumiwa na wifi yangu. Niliotesha kwa mkebe."

"Na mbona hukusema?" Odero akanifokea.

"Hamkuniuliza. Mwenyekiti alikuwa anafundisha."

Nimeishi miaka mingi na nimeona watu wakiokoka, lakini sijaona watu wakitakasika haraka namna ile. Makhanu aliinyakua fimbo akauchoma mti hadi ganda likatoka. "Kama niligusa hizo sufuria, nife leo," akasema, akatazama pande zote. Presha ya Odero ikapona, akachoma mara mbili. Joyline akachoma, mimba ikawa imekwisha, na mumewe akabaki kati ya furaha na huzuni. Hata Mchungaji aliweka mkono kwenye shina, kwa niaba ya kanisa. Wakasukumana kuapa, kila mmoja anataka aonekane, na wengine ambao hawakuwa hata kwenye kamati wakapanga foleni. Mti wangu maskini ulisimama pale ukidondosha maua juu ya vichwa vya watu wasio na dhambi.

Makhanu akajipangusa uso kwa leso.

"Basi sisi tumeapa. Lakini Nerima, wewe elewa. Kile kiapo chako ni bure, mti si wenyewe. Kwa hivyo tunarudi pale pale. Lete ufunguo."

Na watu wakaitikia. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba waliitikia. Mti ule ule ulikuwa mtakatifu wa kutosha kuwasafisha wao, lakini haukutosha kumsafisha Nerima. Nilitaka kusema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, lakini Nerima akatangulia.

"Ni ukweli, mzee. Mti si wenyewe. Mimi niliona hata siku ya mkutano." Hakuwa na haraka. "Murembe iko na miiba kwa shina, na ganda yake ni nene, inapasuka-pasuka. Majani inakuja tatu tatu. Ikitoa maua, majani inakuwa imeisha. Iko kwa boma ya babu yangu. Si ngumu kupanda, unakata tu tawi unadunga kwa mchanga, inashika."

Akamgeukia Makhanu.

"Ijumaa naenda nyumbani. Nitakuja na tawi, nipande hapa. Nitaapa tena mimi wa kwanza, kwa hiyo yenyewe. Halafu mtafuata, kama vile mmefuata leo. Nimeona hamna shida."

Fimbo ya pazia ilikuwa imerudi mkononi mwa Makhanu. Aliiegemeza ukutani polepole.

"Nerima, hakuna haja ya nauli," Odero akasema. "Sufuria zenyewe zilikuwa zimezeeka."

Mchungaji Okeyo akakohoa, akasema labda Roho anatuelekeza kwenye njia ya msamaha, tusamehe tusonge mbele.

"Nisamehewe nini, pastor?" Nerima akauliza, na Mchungaji akaanza kumtafuta mkewe katika umati.

Sufuria zilirudi Jumatano. Nerima alifungua stoo asubuhi akazikuta zimepangwa, kubwa chini na ndogo juu, na kufuli ilikuwa nzima kama siku zilipopotea. Zilikuwa zimesuguliwa hadi zinang'aa, kazi ambayo Makhanu hajawahi kuifanyia hata kikombe chake. Tuliziinua tukakuta punje za pilau zimeganda chini ya mkono wa mojawapo. Sisi hatukuwa tumepika pilau tangu Krismasi. Shemeji yake Makhanu, kwa upande mwingine, anapikia harusi za wenye mashamba ya ngano kule Mau Narok, na mwezi wa Pasaka huwa ni mwezi wa harusi. Nilimwita kila aliyepita, nikamwonyesha zile punje, nikamwacha aende na akili yake.

Makhanu alitangaza kwamba maombi yamejibiwa. Mchungaji akaiita Jumapili iliyofuata siku ya shukrani, na walipikia wageni kwenye sufuria zile zile. Hakuna aliyeuliza zilirudi kwa ufunguo gani. Hakuna pia aliyemwomba Nerima radhi, ila watu walianza kumsalimia kwa sauti kubwa zaidi, na ufunguo haukutajwa tena.

Ijumaa ya wiki ile ile, Nerima alisafiri kama alivyosema. Alirudi na tawi nene kama mkono wa mwanamume, limefungwa kwa gunia bichi, lina miiba ya kweli. Alinikuta getini nafagia. Nilimshikia Valarie, akachimba shimo upande wa pili wa geti, mkabala na mti wangu, akalisimamisha tawi, akalishindilia udongo kwa kisigino. Alimaliza akaenda kunawa, tukanywa chai.

Mvua ikanyesha, tawi likashika. Siku hizi limetoa majani, matatu matatu, na Kimberly ameshalipiga picha na simu yake imekubali. Kamati haipiti tena getini. Odero amegundua kwamba njia ya nyuma ni fupi, Joyline naye hivyo hivyo, na Makhanu huruka mtaro wa maji machafu na viatu vyake vya kanisani mkononi. Jana nilimwona amesimama huko mbali, akimwangalia Nerima anavyolinyunyizia maji. Alivumilia, akashindwa.

"Nerima, mtoto wangu," akaita. "Sufuria si zilirudi? Kesi si iliisha? Hiyo kitu sasa ni ya nini?"

Nerima alimimina maji yaliyobaki, akakung'uta mkebe.

"Ni ya maua tu, mzee," akamjibu. "Sogea uione."